Dau na 'Dhow': Nani Mzazi?

Walimu wengi wa Kiswahili hupenda kuwaambia wanafunzi wao kwamba neno la Kiingereza 'dhow' limezaliwa na 'dau' letu. Dai hilo lapendeza, lakini yafaa lipimwe kwanza.

Yako mambo yanayoliunga mkono. 'Dau' limezoea ngeli zetu, wingi wake 'madau', nalo hutaja chombo mahususi. Waarabu, kwa upande wao, hutaja vyombo vyao kwa kufuata umbo: sambuku, bagala, bedeni. Hata ile 'h' ya Kiingereza ni nyongeza ya waandishi. Zamani Waingereza waliandika pia 'dow'.

Lakini yako na ya kulipinga. Mfanyabiashara wa Kirusi, Athanasius Nikitin, aliyevuka kutoka Hormuz kwenda Bara Hindi katika karne ya 15, alikiita chombo chake 'tava', neno ambalo wataalamu hulihusisha na 'dhow'. Tena kamusi ya Yule na Burnell ya 1886 yaonyesha kwamba neno hilo lilivuma pwani ya magharibi ya India. Huenda basi 'dau' na 'dhow' ni ndugu, wala si mzazi na mwana. Fahari si ushahidi.

Kwa maoni yangu, hasara yetu iko kwingine. Mwingereza alivikusanya vyombo vya tanga vya bahari yetu chini ya jina moja, nasi twalipokea jina hilo na kuyasahau yetu. Wabajuni wa Ras Kamboni, Chula, Chovai na Koyama ni watu wa bahari, na mtepe ulikuwa chombo chao mashuhuri: mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lilikuwa la mkeka. Dau la mtepe lilishonwa vivyo hivyo, ila omo yake ilikuwa tofauti. Jahazi na mashua hupigiliwa misumari. Mitepe ilitoweka baharini katika karne ya 20. Jina lake lisiifuate.

Kwa hiyo mwalimu akutanapo na 'dhow' kitabuni, asiandike 'dau' kwa pupa. Na aulize: chombo hiki kimeshonwa au kimepigiliwa? Tanga lake ni la mkeka au la kitambaa? Ndipo achague jina. Mali bila daftari huisha bila habari, na majina haya ni mali.