Watoto wafunzwe bangsawan ipi?

Kila inapotajwa haja ya kuwajulisha watoto wa shule za msingi nchini Malaysia sanaa ya bangsawan, maneno mawili hutangulia: ‘ya jadi’ na ‘ya Kimalei’. Opera ya jadi ya Kimalei. Ukiyasikia utadhani hayana neno, kumbe ndiyo yanayoamua mtoto atafunzwa nini na atanyimwa nini.

Tuanze na jina lenyewe. Katika Kimalei, bangsawan ni mtu wa nasaba bora. Mzizi wake ni bangsa, neno lenye asili ya Kisanskriti lililomaanisha ukoo, na ambalo leo hutumiwa kwa maana ya taifa au jamii ya watu. Jukwaani kweli mlijaa wafalme na mabinti wa kifalme. Lakini waliocheza na waliotazama hawakuwa watu wa kasri hata kidogo.

Sanaa hii ilizaliwa bandarini. Katika karne ya 19, vikundi vya maigizo vya Waparsi kutoka Bombay vilifika Penang, wenyeji wakavutiwa, wakaanza kuiga. Mwaka 1885 Mamak Pushi akaunda kundi lake, Pushi Indera Bangsawan, lililocheza kwa Kimalei. Ilikuwa biashara: watu walilipa kiingilio, na kundi lililowachosha watu lilifunga virago. Ndiyo maana hadithi zilichotwa kokote: hikaya za Kimalei (wao husema hikayat), Alfu Lela Ulela, visa vya Kihindi na vya Kichina, hata Shakespeare. Tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere alitupa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi ilikuwa imepanda jukwaa la bangsawan miaka mingi kabla. Bendi nayo ilichanganya fidla, piano na tarumbeta na ala za Kihindi na za Kimalei.

Tan Sooi Beng, msomi wa muziki wa Penang, aliyaeleza haya katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu historia ya bangsawan. Hoja yake inayonigusa zaidi ni kwamba huo ujadi wa bangsawan ni wa juzi tu. Filamu na Vita vya Pili vya Dunia viliiangusha. Ilipofufuliwa miaka ya 1970, kufuatia kongamano la utamaduni wa kitaifa la 1971, ilielekezwa zaidi kwenye visa vya Kimalei, ikaandikiwa miswada, kisha ikavishwa hilo joho la jadi. Naafikiana naye. Tena naona hoja hiyo ina uzito zaidi katika darasa la watoto kuliko katika ukumbi wa mihadhara.

Malaysia ina shule za msingi zinazofundisha kwa Kimalei, nyingine kwa Kichina na nyingine kwa Kitamil. Watoto wengi basi huanza masomo wakiwa wametengana kwa lugha. Ukimpelekea mtoto wa shule ya Kichina bangsawan kama mali ya jirani, atapiga makofi kwa adabu na kusahau. Mwambie kwamba visa vya Kichina vilichezwa kwenye jukwaa hilo hilo, na kwamba Wachina walikuwa wakilipa kiingilio kama wengine, uone kama hataketi vizuri.

Kuna la pili, na hili ni letu sisi watu wa lugha. Wachezaji wa zamani hawakukariri maneno. Walipewa mkondo wa kisa, kila mmoja akajua nafasi yake: orang muda, yaani shujaa kijana, sri panggung, malkia wa jukwaa, jini, mchekeshaji. Maneno waliyabuni papo hapo. Sasa mtoto wa miaka tisa anapopewa mswada wa kurasa 12 akaambiwa aukariri, amefunzwa nini? Amefunzwa kukariri.

Hebu tutazame Kimalei kinavyofanya kazi. Mfalme akijitaja husema beta. Raia anayezungumza na mfalme hujiita patik. Nje ya kasri watu husema saya au aku, kutegemea wanazungumza na nani. Mpe mtoto taji la karatasi na kisa kifupi, umwache azungumze. Siku mpishi atakapojisahau na kujiita beta, darasa zima litaangua kicheko, na kicheko hicho kitakuwa kimefanya kazi ambayo jedwali la viwakilishi halijawahi kuifanya.

Wapo watakaosema mtoto asiye na mswada atavuruga hadithi. Atavuruga, ndiyo. Mwalimu naye atalazimika kuijua hadithi vizuri ili amrudishe njiani, na nadhani hapo ndipo penye hofu yenyewe. Hofu hiyo tunayo hata huku kwetu. Nani hajaona, katika tamasha zetu za drama, mtoto wa gredi ya nne akighani shairi asilolielewa, mikono ikipanda na kushuka kwa pamoja, macho yakimtafuta mwalimu aliyejificha nyuma ya pazia? Na huu eti ni mtaala wa umilisi.

Ningekuwa mwalimu kule Penang, nisingeanza na mfalme. Ningeanza na pazia. Bangsawan ilikuwa na mapazia yaliyochorwa kasri, bustani, msitu na mtaa. Wakati mandhari yakibadilishwa nyuma, wachezaji walitoka mbele ya pazia wakaimba, wakacheza ngoma, wakafanya mzaha usiohusiana na kisa chochote. Dakika tano hivi. Watoto wachore mtaa wao wenyewe, maduka na yote, kisha anayetaka atoke mbele: huyu na wimbo wa Kihokien wa nyanya yake, yule na kichekesho cha Kitamil, mwingine na mdundo wa joget.