Bingwa Anaporudi Benchi

Mtu wa Kibombo, mashariki ya Kongo, akianguka kutoka juu ya mchikichi akavunjika mgongo, kwanza hutafutiwa njia ya kufika mjini Kindu: treni ikiwapo, au pikipiki. Tumezoea kusema kwamba tukipata daktari bingwa, basi yamekwisha. Lakini hata daktari aliyesota miaka mitano ya ubingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu anaweza kusimama mbele ya pingili iliyosagika na mkono wake ukawa bado mgeni. Kwa hiyo nawaheshimu sana mabingwa wanaorudi kukaa benchi, wiki au miezi michache, kujifunza mgongo peke yake.

Dar es Salaam, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, imekuwa ikipokea madaktari wa Afrika Mashariki katika kozi inayoendeshwa pamoja na Profesa Roger Härtl na wenzake wa chuo cha tiba cha Weill Cornell, New York. Zanzibar nako, taasisi ya upasuaji ya NED pale hospitali ya Mnazi Mmoja inafundisha kwa mtindo huohuo: mgeni na mwenyeji meza moja, mgonjwa mmoja.

Tazama kazi yenyewe ya kuushikiza mgongo kwa skrubu. Kila pingili ina nguzo mbili fupi za mfupa zinazounganisha sehemu ya mbele na tao la nyuma. Mfaransa Raymond Roy-Camille alianza kupitisha skrubu humo mwaka 1963. Pingili za kiunoni zina nafasi, lakini sehemu ya katikati ya mgongo nguzo inaweza kuwa na upana usiofika milimita 5. Ukikosea kwa ndani, unagusa uti. Ukikosea kwa chini, unagusa mshipa wa fahamu unaotoka.

Basi daktari husafisha nyama taratibu mpaka aione alama yake pale kiungo kinapokutana na pembe ya pingili. Hutoboa tundu dogo, kisha huingiza chuma butu, akikizungusha na kukisukuma kwa subira. Mfupa laini wa ndani hukwaruza na kukubali kidogo kidogo. Chuma kikizama ghafla, ukuta umetobolewa. Hakizami? Bado haamini. Anachukua waya wenye kichwa cha mviringo, anapapasa juu, chini, ndani, nje, mwisho sakafu. Akishaupata mfupa pande zote tano ndipo skrubu inaingia. Eksirei huthibitisha, ila vidole vinakuwa vimeshajua.

Hili halisomeki kitabuni likaisha. Linataka mkufunzi aliyesimama ubavuni, anayeacha mkono wa mwenzake utafute na kuuzuia kabla haujaharibu. Na kuna somo gumu kuliko skrubu: kumtambua mgonjwa ambaye hapaswi kupasuliwa, anayehitaji kulala, kufungwa mkanda na kungojwa. Kwangu mimi hapo ndipo ubingwa unapoonekana.

Hata hivyo, ufundi wote huo hauwezi kuunga uti uliokatika njiani. Ndugu zangu wa Kibombo, aliyeanguka msimkalishe wala kumpakata kwenye pikipiki. Mlazeni juu ya ubao, kichwa na kiwiliwili mstari mmoja. Akihitaji kugeuzwa, mshikeni watu wanne, mmoja kichwani, mumgeuze kwa pamoja kama gogo.