Mkono Unaosukuma Chapati

Jioni inapoingia Kawangware, mtaa wa Nairobi, Barabara ya Naivasha hujaa watu wanaorudi kwa miguu kutoka Lavington na Kilimani: mafundi wa mjengo, walinzi wa zamu ya mchana, wafanyakazi wa nyumbani. Kando ya barabara majiko yamekwisha kukolea. Mama mmoja anapepea makaa kwa kipande cha katoni, mwingine anapangusa kikaango kwa kitambaa kilicholowa mafuta, na juu ya meza ndogo iliyotandikwa nailoni yamepangwa madonge ya unga, kila moja limejikunja mithili ya konokono.

“Mama, nifungie chapo mbili na madondo.”

“Ngojea hii iive, kijana wangu. Zile za chini zimepoa.”

Ufundi wote umo katika mkunjo wa donge lile. Unga mweupe wa ngano hukandwa kwa maji vuguvugu, chumvi, mafuta kidogo na, kwa wengine, sukari ya kuonjesha tu. Hukandwa hadi uache kunata vidoleni, kisha hufunikwa nusu saa au zaidi ili ulegee. Anayeruka hatua hiyo atajuta mbele, kwa kuwa chapati yake itakuwa inajirudi kila mti wa kusukumia unapoinuliwa. Unga uliolegea hutandazwa kwenye ubao, hupakwa mafuta, hukatwa mikanda mirefu, na kila mkanda huviringwa ukajizunguka wenyewe. Baada ya kupumzika mara ya pili ndipo husukumwa ukawa duara. Mafuta yaliyofungiwa kati ya mikunjo huzuia unga usishikane, na mvuke unapopanda kikaangoni, matabaka huachana. Chapati iliyopikwa vizuri hubanduka yenyewe tabaka kwa tabaka. Iliyokosewa hutafunwa kwa taabu, na mlaji hunyamaza kwa adabu.

Moto nao una darasa lake. Jiko la makaa halina kipimo cha joto, kwa hiyo mpishi husogeza kiganja karibu na chuma, au hutupia punje ya unga na kuangalia inabadilika rangi kwa kasi gani. Moto mkali huunguza nje na kuacha ndani mbichi. Moto hafifu huikausha chapati kabla haijaiva. Upande wa kwanza hugeuzwa ungali mweupe, umetoa malengelenge madogo tu. Mafuta hupakwa, hugeuzwa tena, na mpishi huizungusha chapati kikaangoni ili madoa ya kahawia yaenee sawa. Huizungusha kwa vidole vyake, bila mwiko. Wakati huohuo mkono wa pili unasukuma nyingine, na mdomo unahesabu chenji.

Nairobi huwasifu sana wapishi wa hoteli kubwa kubwa. Hawa wa kando ya barabara hawana kofia ndefu wala menyu, na pengine ndiyo maana ustadi wao huonekana kuwa kazi ya mtu aliyekosa nyingine.

Chapati asili yake ni Bara Hindi. Pwani ya Kenya ilikuwa na uhusiano na huko karne nyingi, kupitia majahazi yaliyosukumwa na kaskazi. Bara ya Kenya ndiko reli ilikofungua mlango. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianzia Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi 1899 na Ziwa Viktoria 1901. Vibarua na mafundi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, wengi wao Wapunjabi. Karibu 2,500 walikufa, na wanaokaribia 7,000 walibaki. Wengine, hasa Wagujarati, walikuja kwa nauli yao kufuata biashara. Nairobi ilikuwa haijawa mji wa maana wakati ilipokuwa tayari na Indian Bazaar yake, ambayo wakuu waliamuru ichomwe moto mwaka 1902 tauni ilipozuka. Ilijengwa upya, na mtaa wa Bazaar ndio unaoitwa leo Biashara Street, wenye maduka ya vitambaa yaliyobanana pande zote mbili.

Wakoloni waligawa mji kwa rangi. Wazungu walijitengea vilima vya magharibi, Wahindi wakapewa Parklands, Ngara na Pangani, Waafrika wakasukumwa mashariki. Chakula kilipenya mlango wa nyuma. Katika nyumba za Wahindi kulikuwa na wapishi na watumishi Waafrika, na mtu anayesimama miaka karibu na jiko la mwenzake hahitaji kitabu cha mapishi. Hutazama, hushika mti, hukosea, hurudia. Kisha huenda kwao likizo na kilo mbili za unga kikapuni. Vijijini chapati ilibaki kwa miaka mingi kuwa chakula cha Krismasi, cha harusi na cha mgeni wa heshima. Watoto walijua sikukuu imefika kwa sauti ya mti ukigonga ubao.

Wala wapishi hao hawakuiga tu. Roti ya kila siku ya Bara Hindi hutokana na unga usiokobolewa, ni nyembamba, na huokwa pasipo mafuta. Chapati ya Nairobi ni nyeupe, nene na ina matabaka. Ndugu yake wa karibu zaidi ni paratha, mkate wa matabaka wa hukohuko Bara Hindi. Mtu wa Delhi akipewa chapo ya Kawangware huenda akasita kuiita chapati, lakini atakosea akidhani imeharibiwa. Imepimwa kwa mboga za hapa, yaani maharagwe yenye mchuzi mzito, ndengu, sukuma wiki, kabeji. Mboga hizo zinataka mkate usioraruka ukichovya. Imepimwa pia kwa mlaji, ambaye amebeba mawe kutwa nzima na bado ana mwendo wa kufika kwake. Roti mbili nyembamba zingemwacha njaa.

Anayetaka kuonja upande wa pili wa ukoo huu hahitaji pasipoti. Diamond Plaza, Parklands, ina vibanda vinavyouza vyakula ambavyo Mumbai na miji ya Gujarat huvila barabarani: bhel puri, pani puri, kulfi, miwa iliyokamuliwa, na tambuu ya kumalizia. Wahudumu humkimbilia mgeni kabla hajazima gari, kila mmoja na menyu yake, na anayesitasita hujikuta ameagiza kwenye vibanda vitatu kwa mpigo. Pani puri ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini. Ganda kavu lililofura hutobolewa kwa kidole gumba, hujazwa viazi na dengu, huchovywa katika maji ya ukwaju na mnanaa, na sharti liingie mdomoni zima kabla halijalowa. Mpishi na mlaji wote wanafukuzana na wakati. Mahitaji ya majiko hayo hupatikana karibu, katika soko la City Park kwenye Barabara ya Limuru, ambako wapo wauzaji Waafrika wanaotaja mboga kama methi na karela bila kigugumizi. Julai 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Sufuria zilikuwa zimewatambua mapema zaidi.

Katikati ya mji, chakula kinachotembea ni samosa. Wachuuzi hupita Tom Mboya Street, River Road na kwenye ngazi za ofisi wakiwa na ndoo zenye mifuniko: samosa, mayai ya kuchemsha, smoki na kachumbari yake. Mnunuzi wa samosa huona pembetatu basi. Haoni kwamba kaki zake zilianza kama madonge yaliyopakwa mafuta, yakanyunyiziwa unga, yakabandikwa pamoja na kusukumwa yakawa duara moja pana. Duara hilo hupitishwa kikaangoni kwa muda mfupi tu, kisha kaki hubanduliwa moja moja zingali moto, kazi inayounguza ncha za vidole kila siku. Hukatwa mikanda, hukunjwa ikawa koni, hujazwa nyama ya kusaga iliyokaushwa kwa vitunguu na dhania, na mdomo hugundishwa kwa uji wa ngano. Nyama ikiachwa na maji, kaki hulowa. Pembe ikiachwa upenyo, mafuta huingia na kazi yote huharibika. Baada ya hayo yote mchuuzi bado ana mtihani mmoja: kanjo, yaani askari wa kaunti, anaweza kujitokeza kona yoyote, na ndoo ikichukuliwa, mtaji wa siku umekwenda nayo.

Bei ndiyo humtesa mpishi kuliko moto. Februari 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, makaa yalipanda bei. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, ilidhihirika jinsi Kenya inavyotegemea ngano ya nje, kiasi kikubwa kikitoka Urusi na Ukraine zenyewe. Pakiti ya kilo 2 ilipita shilingi 200. Mpishi wa kando ya barabara hana nafasi ya kutangaza bei mpya kila wiki, kwa sababu mteja wake ana sarafu zilizohesabiwa tangu asubuhi. Kinachopungua ni donge. Hapo ufundi huonekana upya, maana kusukuma unga mchache ukatoka na upana uleule bila kutoboka ni kazi ya mikono iliyozoea.

Machi 2025 Rais William Ruto, akizuru Nairobi, aliahidi kumsaidia Gavana Johnson Sakaja kupata mashine ya kupika chapati milioni 1 kwa siku kwa ajili ya Dishi na County, mpango wa chakula cha shule ulioanza 2023, ambamo mtoto hulipa shilingi 5 kwa mlo. Wakenya mitandaoni walicheka hadi wakachoka. Kicheko kilikuwa na haki yake, ila hesabu nayo ina haki yake: mama anayepika chapati 100 kila jioni bila kupumzika angehitaji zaidi ya miaka 27 kufikisha milioni. Watoto hawawezi kusubiri hivyo. Mashine na ije, iwashibishe. Lakini chapati yenye matabaka hutaka unga upumzike mara mbili na ugeuzwe na mtu anayeuangalia. Mtoto aliyekula ya mashine saa saba ataijua ya mama wa stejini saa kumi na mbili, na atajua ipi ni ipi akiwa amefumba macho.

Ufundi huu wa Nairobi umekwisha kuvuka bahari pia. Sheria za uhamiaji na leseni za biashara za mwaka 1967 ziliwabana Wahindi wasio raia wa Kenya, na maelfu walielekea Uingereza. Miongoni mwa walioondoka walikuwemo akina Maru, ambao bhajia yao ilikuwa na jina Nairobi: viazi vilivyokatwa duara nyembamba, vikavikwa unga wa dengu, manjano, pilipili na dhania, vikakaangwa hadi kingo zikakauka. Nairobi ingali inaziita maru bhajia, nani anazikaanga si hoja, na siku hizi huwa ni kwa viazi vya aina ya Shangi. Tangu 1976 familia hiyo imekuwa na duka Ealing Road, Wembley, mtaa wa Wagujarati kaskazini-magharibi mwa London. Mgeni aliyetua kutoka Ahmedabad, aliyezoea bhajia zilizozama katika unga mzito, anaweza kushangaa kuletewa hizi nyembamba, na akiuliza ataambiwa kwamba Nairobi ndivyo zinavyokaangwa.