Mtambaji katika Shamba la Miwa: Filamu ya Euzhan Palcy

Euzhan Palcy, mzawa wa kisiwa cha Martinique, alikuwa bado chipukizi alipotoa Rue Cases-Nègres mwaka 1983, filamu iliyotokana na riwaya ya Joseph Zobel ya mwaka 1950. Ilituzwa Venice mwaka huohuo. Hapa tutashughulikia jambo moja tu: nafasi ya mtambaji.

Mzee Médouze, kibarua wa miwa, huketi na mtoto José usiku penye moto. Huanza kwa mwito na kiitikio, “Cric!” “Crac!”, ambao msomaji wetu atautambua mara moja kuwa ndugu wa paukwa na pakawa. Kinachofuata lakini si ngano ya sungura. Mzee anasimulia jinsi babaye alivyoshangilia mwisho wa utumwa, kisha akarudi palepale kukata miwa, kwa kuwa ardhi yote ilibaki ya mabwana walewale. Masimulizi haya hayaipambi filamu. Yanaeleza uchungu wa siku ya malipo. Afrika ya Médouze ni nchi asiyoijua, anayotumaini kuirudia akifa. Na anayemwigiza ni Douta Seck, Msenegali!

Mkaaji wa Awendo, Migori, penye kiwanda cha sukari cha SONY, ataijua miwa hiyo, ingawa tusilinganishe kwa pupa: huko wengi huilima katika ardhi yao wenyewe. Jirani zao wa Homa Bay wana ngano ya Nyamgondho wa Gwassi, mvuvi fukara aliyetajirishwa na bibi kizee aliyemvua ziwani, akamtukana, na mali yote ikamfuata bibi majini. Mwongozaji atakayetuonyesha ng’ombe wakizama tu atakuwa ametupa tamasha la macho. Mfano wa Palcy unamdai aulize ni nani Nyamgondho wa leo.

Hata hivyo, nusu ya pili ya filamu inatutia shaka. Médouze anafia katikati ya miwa, na tangu hapo shule ndiyo inayotawala. José anaandika insha kuhusu maisha ya maskini weusi. Mwalimu anamtuhumu kuwa ameinakili. Hapa ndipo utambaji unapogongana na maandishi, nasi tulitaraji Palcy akae hapo. Yeye anapita haraka: mwalimu anaomba radhi, ufadhili unaongezwa. Kwa Wajaluo, siwindhe, nyumba ya bibi walimolala watoto wakisikiliza ngano, iliachia nafasi yake bweni la shule, na hakuna aliyeiomba radhi.