Kwenye sifa za buldogi, pua iko wapi?

Wasifu wa buldogi ni kama umeandikwa na mtu mmoja, wengine wote wakanakili. Asili: Uingereza, alikuwa akipambanishwa na fahali. Umbo: kichwa kikubwa, kifua kipana, uso bapa. Tabia: jasiri, mwaminifu, mpole kwa watoto. Ukiusoma ukiwa Saza, una karasha lako na viroba vya mawe ya dhahabu vinalala nje, unaona kabisa mlinzi umempata. Kabla hujatoa hela, hebu tuusome tena pamoja.

Tuanze na ile hadithi ya pua. Wasifu mwingi unadai pua ilirudi nyuma ili mbwa aendelee kupumua huku amemng'ang'ania fahali kwa meno. Hadithi tamu. Ila tafuta mchoro wa Abraham Cooper wa mwaka 1817, unaoitwa Crib and Rosa, wa enzi ambazo mchezo huo bado ulikuwepo. Buldogi wa pale wana miguu mirefu na mdomo unaoonekana vizuri. Sheria ya Uingereza ilikuja kuupiga marufuku mchezo huo mwaka 1835. Uso uliobonyea tunaoujua leo ulikuja baadaye, kwa watu wa maonyesho ya mbwa waliokuwa wakichagua, kizazi baada ya kizazi, mwenye uso mfupi zaidi. Yaani ni pua ya mashindano ya urembo, si ya kazi.

Kwa nini hilo likuhusu? Kwa sababu mbwa hatoi jasho mwili mzima kama wewe. Tezi zake za jasho ziko zaidi kwenye nyayo. Joto analitoa kwa kuhema: hewa inapita puani na juu ya ulimi, unyevu unageuka mvuke, damu inapoa. Kwa buldogi mifupa ya uso imefupishwa, lakini nyama laini za ndani hazikupungua kwa kiasi hicho, zikajazana kooni. Matundu ya pua nayo ni membamba. Kile kikoromo ambacho wasifu unakichukulia kama kichekesho ni hewa inayohangaika kupita. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani walimtumia buldogi kuchunguza tatizo la binadamu la pumzi kukatika usingizini, kwa kuwa yeye anazaliwa nalo.

Sasa mfunge mbwa huyo mnyororo chini ya bati, Saza, mwezi wa Oktoba, saa nane mchana, mvua bado. Joto la mwili wake likivuka nyuzi 41 maisha yake yako hatarini. Vwawa, kwenye ubaridi wa mashamba ya kahawa, pengine angejikongoja. Huku upande wa bonde la Rukwa utakuwa umeajiri mlinzi wa kumwagilia maji.

Kuhusu tabia, hapo ndipo wasifu unapojiamini kuliko haki yake. Utafiti uliotoka kwenye jarida la Science mwaka 2022, uliokusanya majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000 na kusoma vinasaba vya mbwa 2,155, uliona kwamba aina ya mbwa inaeleza takribani asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Umbo linarithiwa sana, hilo halina ubishi. Lakini "jasiri" si kama ukubwa wa injini ya pikipiki, kwamba ukinunua modeli ile unakuja nayo. Na buldogi mwenyewe ni ushahidi: mababu zake waling'ata fahali, yeye siku hizi anasifika kwa kulala kwenye kochi.

Halafu kuna utata wa jina. Buldogi wa Kimarekani ni mkubwa zaidi, ana miguu mirefu, na alitumika mashambani. Wa Kifaransa unambeba kwapani. Ukisikia "buldogi" muulize muuzaji anamaanisha yupi. Mwambie akuonyeshe mama wa mtoto huyo akitembea, usikilize anavyopumua. Na ukiishia kuchukua mbwa wa kienyeji mwenye pua ndefu, ambaye mimi ndiye ningemchukua, hakikisha amechanjwa kichaa cha mbwa, maana virusi vile haviulizi mbegu.