Cha Kidato cha Ngapi? Namna zawadi moja ya Krismasi ilivyochaguliwa Tabata

Ingia duka lolote la vitabu Dar es Salaam, simama mbele ya kabati, na kabla hujasoma mgongo wa kitabu cha kwanza utaulizwa: "Karibu dada, unatafuta cha kidato cha ngapi?" Muuzaji hana kosa. Biashara ya vitabu nchini inaendeshwa na shule. Kwa mtu anayetafuta zawadi ya Krismasi kwa kijana anayependa kusoma, hata hivyo, swali hilo ni mtego. Ukishalijibu tu, umekwisha kununua kitabu kisicho zawadi.

Nimepata nafasi ya kuifuatilia zawadi ya namna hiyo kutoka mwanzo hadi mwisho. Binti ni wa Tabata Kimanga, ana miaka kumi na mitano, alikuwa amemaliza upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili mwezi Novemba na shule zimefungwa. Watoaji ni wawili: mama yake na mama yake mdogo. Bajeti ilikuwa shilingi 60,000, na hiyo ni baada ya nguo ya sikukuu kutengwa pembeni, maana Krismasi bila nguo mpya hakuna kitabu kitakachoifidia.

Pendekezo la kwanza la mama lilikuwa Takadini. Hoja yake ilikuwa nzito: Januari binti anaingia kidato cha tatu, Takadini imekuwa miongoni mwa riwaya za mtihani wa Kiswahili kwa miaka mingi, kwa nini asianze kuisoma mapema? Tena ni riwaya nzuri. Hadithi ya Sekai na mwanawe mwenye ualbino inagusa, na Ben Hanson hakuiandika ili itungiwe maswali. Lakini mama mdogo, ambaye ndiye fundi wa mkasa huu, alikataa. "Dada, hicho tutamnunulia Januari pamoja na madaftari. Hiyo siyo zawadi, hiyo ni orodha ya shule."

Namuunga mkono. Mwanafunzi akifika kidato cha tatu kitabu hicho atakisoma akiwa ameshika kalamu, akiwinda dhamira, migogoro, wahusika na mandhari, kwa sababu ndivyo atakavyoulizwa. Ukimpa Desemba, umemletea darasa la Januari nyumbani, halafu umelifunga kwa karatasi yenye nyota. Msomaji wa kweli anautambua ujanja huo mara moja, na atasema asante kwa adabu zote.

Sasa kama si cha kidato, achague kwa kipimo gani? Hapa mama mdogo alifanya jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifanyi: alikwenda kuangalia alichokwisha kusoma binti. Binti huyu hana kabati. Vitabu vyake vimo ndani ya katoni chini ya kitanda anacholala na mdogo wake. Vya shule viko juu, safi, vimevalishwa karatasi ya kaki. Vya hadithi viko chini, na hivyo ndivyo vyenye ushahidi: kona zilizokunjwa, doa la mchuzi, jalada lililoungwa kwa selotepu. Kitabu kilichochakaa mwanzoni tu, kurasa za mbele zimelegea na za nyuma bado zinang'ata, kimeachwa njiani. Kilichochakaa sawasawa kimemalizwa. Kilichochakaa mwishoni kimerudiwa, pengine kimeazimwa na mtaa mzima.

Katikati ya vitabu hivyo kulikuwa na daftari dogo. Binti huwa anaandika jina la kila kitabu alichomaliza, anakipa alama juu ya kumi, kisha sentensi moja ya sababu. (Mama mdogo aliomba ruhusa kabla ya kulifungua, daftari la kijana wa miaka kumi na mitano halifunguliwi hivihivi.) Kulikuwa na majina mengi, lakini mawili ndiyo yaliyoamua kila kitu. Kusadikika ya Shaaban Robert ilipewa nne: "hotuba nyingi." Adili na Nduguze, ya Shaaban Robert huyohuyo, ilipewa tisa: "nilitaka kujua kwa nini anawapiga wale manyani."

Ukiisoma tofauti hiyo harakaharaka utasema ni uchangamfu wa mtoto. Mimi naona ni uhakiki. Vitabu hivyo vimetoka kwa kalamu moja, karibu wakati mmoja, cha kwanza mwaka 1951 na cha pili mwaka uliofuata, na vyote vinafundisha maadili bila kuona haya. Tofauti iko kwenye mtambo wake. Kusadikika ni kesi mahakamani: Karama anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe mmoja baada ya mwingine, na msomaji anajua tangu mwanzo hoja inaelekea wapi. Adili na Nduguze inaanza na jambo lisiloeleweka. Mjumbe wa Mfalme Rai anakwenda Janibu kwa ajili ya kodi, anamkuta liwali mwema asiye na doa, kisha usiku anamwona liwali huyohuyo akiwachapa manyani wawili. Kwa nini? Kitabu kizima kinajibu swali hilo. Binti hachukii mafundisho. Anachotaka ni fumbo liwekwe kwanza, mafundisho yaje yakiwa yamebebwa na fumbo.

Kwa hiyo kipimo kilipatikana, na hakikuwa jina la mwandishi, wala umri ulioandikwa nyuma ya jalada, wala lugha. Ni hadithi inayoficha kitu katika kurasa za mwanzo.

Kipimo hicho kiliondoa vitabu vizuri bila huruma. Marimba ya Majaliwa ya marehemu Edwin Semzaba iliangaliwa. Ni safari tamu ya kuizunguka Tanzania, lakini ingemfaa zaidi mdogo wake. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ilijadiliwa kwa muda. Yasmin anaozeshwa Bwana Raza, mwanamume wa umri wa kumzaa, na msichana wa kidato cha pili angemwelewa Yasmin kuliko sisi sote. Filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 nayo imekiamsha kitabu upya. Ila kitabu hicho kimezoeleka kidato cha tano na cha sita, na mama mdogo hakutaka kumwibia miaka yake ya mbele. Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na kupigwa marufuku shuleni kabla ya kuja kukubaliwa, mama aliikataa kwa sababu ileile iliyowatisha wakubwa wa elimu wakati ule: inasimulia mambo ya ngono waziwazi. Sikubaliani naye kabisa. Kitabu kile kinaonya kuliko kinavyochochea. Lakini zawadi inatolewa nyumbani kwake, na kitabu kinachosomwa kwa kujificha jikoni kina shida zake.

Wapelelezi nao walikuwa na nafasi. Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa wamewafundisha Watanzania wengi kusoma hadi usiku wa manane, na fumbo wanalo la kutosha. Tatizo ni kwamba fumbo lao linakuja na pombe, risasi na vyumba vya hoteli. Mama akasema ngoja kwanza. Hapo ndipo jina la Muhammed Said Abdulla lilipotajwa, na nadhani hapo ndipo zawadi ilipopatikana hasa. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950, ikachapishwa mwaka 1960. Maiti inakutwa kwenye mzimu wa mababu, na Bwana Msa, mwenye kiko chake na utaratibu wake wa kufikiri, analifungua fundo polepole akiwa na rafiki yake Najum. Nasaba yake na Sherlock Holmes haijifichi, ila Kiswahili chake ni cha Unguja, kimenyooka na kina utani. Kwa msomaji aliyewapa manyani wa Adili alama tisa, sijui kitabu kingine kilicho karibu zaidi.

Cha pili kilikuwa kamari: Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobel. Hii si hadithi ya upelelezi. Lakini inavyoanza! Yusuf ana miaka kumi na miwili, anachukuliwa na Aziz, tajiri ambaye yeye anamjua kama jamaa mkarimu wa familia, na hajui kwamba ameondolewa kwao kama rehani ya deni la baba yake. Msomaji anashtuka kabla ya Yusuf. Fumbo hapa limo ndani ya familia, na mtoto ndiye wa mwisho kuelezwa. Nilionya kwamba katikati, kwenye msafara wa bara, kitabu kinakwenda mwendo wa wapagazi. Mama mdogo akajibu kwamba binti huyo amekwisha kumaliza vitabu vinene kuliko hicho kwa sababu ya udadisi tu.

Kununua ni kazi nyingine. Kutoka Kimanga ni daladala hadi Kariakoo kupitia Buguruni, kisha kwa miguu au bajaji mpaka Samora, ambako duka la TPH bado linabeba jina la shirika la uchapishaji la taifa lililozaliwa miaka ya 1960. Huko, au duka la Soma kule Mikocheni kwa anayefika upande huo, ndiko pa kutafuta riwaya mpya ya Kiswahili isiyo ya mtihani. Cha zamani kama Mzimu kinatafutwa kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba wanaopanga chini, pembezoni mwa barabara za mjini, kati ya kamusi zilizokatika na James Hadley Chase waliosomwa na baba zetu.

Kwenye vitabu vilivyopangwa chini macho yanatakiwa. Kitabu huchapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa, mara nyingi kila moja ikitoa kurasa 16. Kosa likitokea kiwandani halipotezi ukurasa mmoja, linapoteza mkunjo mzima: unatoka 32 unaruka hadi 49, au kurasa 17 hadi 32 zinajitokeza mara mbili. Kwa hiyo usifungue kitabu ovyo katikati. Pitisha kidole gumba pembeni na utazame namba kwenye maungio hayo. Mama mdogo alifanya hivyo akiwa amechuchumaa, muuzaji akicheka, "Mama, unakagua kama noti!" Nakala ya kwanza aliyoshika ilikuwa imekatika mwisho. Riwaya ya upelelezi isiyo na kurasa za mwisho! Aliirudisha, akapata nyingine yenye jina la mwenyewe wa zamani kwa wino wa bluu, nzima.

Kuna pia nakala bandia za kutolewa kopi. Zinajulikana: jalada limefifia kama limeoshwa, mistari imeinama, na karibu na gundi kuna kivuli cheusi cha mashine. Balaa hilo limekaa zaidi kwenye vitabu vya mtihani, ambako wateja ni wengi na wana haraka, na hiyo ni faida nyingine ndogo ya kununua nje ya orodha.

Fedha iliyobaki wengine wangenunulia chokoleti. Mama mdogo aliitenga kwa uanachama wa Maktaba Kuu ya Taifa, ile iliyoko Barabara ya Bibi Titi Mohamed, aliyoifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Kwa msomaji anayemaliza kitabu kwa siku mbili hesabu yake ni rahisi, maana ada ya mwanafunzi haifiki bei ya riwaya mpya. Udhaifu wake ni kwamba kadi haina uzito mkononi siku ya sikukuu, kwa hiyo aliandika ahadi kwenye kipande cha karatasi na kukichomeka ndani ya Peponi kama alamisho.

Zilibaki hila mbili za mwisho. Familia ilikuwa inapanda basi Mbezi kwenda Moshi kabla ya Krismasi, kama nusu ya majirani zao wa Kilimanjaro. Mama alitaka zawadi ifunguliwe tarehe 25 asubuhi baada ya misa. Mama mdogo akatoa Mzimu siku ya safari, ndani ya basi, kwa sababu Dar hadi Moshi ni kutwa nzima na kijijini kuna binamu wengi, kuku wa kukimbiza na hakuna nafasi ya kujitenga. Peponi ikasubiri sikukuu. Na kwenye ukurasa wa mbele hakuandika "soma kwa bidii." Aliandika jina la binti, mwaka, na "toka kwa Mamdogo."

Januari daftari lilikuwa na mistari miwili mipya. Mzimu: tisa, "nilimshuku mtu mwingine kabisa." Peponi: saba, na chini yake malalamiko marefu kuliko yote ya daftari hilo kuhusu mwisho, kwamba Yusuf anawakimbilia askari wa Wajerumani na mwandishi anaondoka bila kueleza. Mama mdogo alinipigia kuuliza kama kuna kitabu kinachoendelea pale. Kwa namna fulani kipo: Afterlives ya mwaka 2020, ambamo Gurnah anairudia vita ya Wajerumani na askari wao. Ni cha Kiingereza na kina uzito wake. Akasema basi ngoja Pasaka, kwanza aone binti ataazima nini maktaba.