Pavlov si kengele tu

Umewahi kuwaona watoto wa Msasani wakisikia muziki wa baiskeli ya aiskrimu? Kabla haijakata kona, mate yashawajaa mdomoni. "Hiyo ndiyo Pavlov," tunafundishwa: vitu viwili vikienda pamoja mara nyingi, vinashikana kichwani. Maelezo matamu, lakini yana tobo.

Mwaka 1968, Robert Rescorla alilionyesha. Panya wa kundi moja walipigwa shoti ya umeme pale tu mlio uliposikika. Kundi jingine lilipata shoti hizo hizo, ila lilipigwa kwa kiwango kilekile hata mlio ukiwa kimya. Hili la pili halikuuogopa mlio. Kwa nini? Kwa sababu mlio haukuwapa habari yoyote.

Mwaka 1972 yeye na Allan Wagner wakatoa nadharia: tunajifunza pale matarajio yetu yanapokosea. Ni bora kuliko ile ya mazoea, ila nayo inapwaya. Inasema uhusiano usiotimia hufutika. Pavlov mwenyewe aliona mate ya mbwa yakirudi baada ya mapumziko.

Usidhani ni mambo ya mtihani tu. Pale Morogoro, APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na kwanza huwazoesha kwamba mlio mdogo, "kli", maana yake chakula. Sasa jiulize: chakula kikigawiwa ovyo, bila mlio, panya atakuwa amejifunza nini? Na wewe ungekanyaga shamba alilolinusa?